Nusu ya Rodi

Jumamosi, 8 Machi 2025
Siku ya Wanawake. Walimu wenzangu wako uwanjani na vitenge vya sare, mimi niko Iyunga nimeshika ngazi. Ngazi! Likizo yote ya Desemba nimesota Iringa kwenye kozi ya kufunga umeme wa majumbani, mtihani nimefaulu, na kazi yangu ni kumpa fundi Sosthenes plaizi. Nyumba ni ya mama Gerson, muuza mchele. Nikaomba nifunge hata soketi moja tu. Kacheka. Gwe mwalimu, kamata chaki, huku kuna shoti.

Nimempa plaizi yake. Bila saini yake kwamba nimefanya kazi chini yake, leseni siipati. Na bila leseni ni mshahara wa ualimu peke yake hadi nizeeke.

Jumatano, 12 Machi
Baada ya vipindi nimemkuta anakata rodi ya ethi kwa msumeno! Ile fimbo ya shaba inayozikwa nje, umeme ukivuja ushuke ardhini badala ya kumpitia mtu. Nusu ya mama Gerson, nusu ya mteja wa Mbalizi. Wote wameuziwa nzima.

Nikamwambia haitoshi. Eti kinachoonekana ni kichwa tu, nani atafukua? Mkaguzi akipima masika haya, udongo umelowa, itapita. Ikigoma, tumwagie chumvi na ndoo ya maji pale.

Na Septemba je, udongo mkavu, vumbi tupu? Mama Gerson kaweka shawa ya umeme kwa ajili ya mama mkwe wake, maana bibi hawezi baridi ya huku. Nilitaka kumrushia nyundo yule mwanaume. Nikashika ngazi.

Alhamisi, 13 Machi
Boniface naye! Mume mzima. Eti nyamaza, pata saini kwanza, msimamo baadaye. Kwani bibi ni wa kwenu? Sijamsemesha tangu jana. Ugali nimempa, lakini bila neno.

Jumamosi, 15 Machi
Sosthenes kanisainia! Asubuhi, bila kuombwa, anatabasamu. Mkaguzi alipofika na fundi wa mita ndipo nikaelewa. Anamwambia eti nyumba hii kafunga umeme mwalimu mwenyewe, kuanzia taa hadi rodi, yeye kasimamia tu. Mshenzi! Wiki nzima nisiguse soketi, leo nyumba yote ni yangu.

Mama Gerson kanikumbatia na vigelegele. Kumbe wanawake tunaweza! Bibi kanishika mikono miwili, ananishukuru — ndaga, mwanangu, ndaga fijo.

Mkaguzi kapima. Imepita, chumvi imeshafanya kazi yake. Mita imefungwa. Sasa wako sebuleni wanakunywa chai, wanasema aliyefunga ndiye awashe.

Nikasema nakwenda chooni. Nimezunguka nyuma ya nyumba. Nimeshika kichwa cha rodi, nimetikisa, nimevuta — imetoka yote! Fupi kuliko mkono wangu.

Naandika nimechuchumaa hapa hapa. Saini iko kwenye pochi. Rodi iko mapajani, imenipaka matope sketi nzima. Nikiwaonyesha, Sosthenes atasema ni kazi ya nani? Ameshasema, mbele ya mkaguzi, na nilinyamaza.

Sosthenes huyo anaita. Gwe mwalimu, njoo uwashe, bibi keshabeba taulo!