Turubai la Getini

Baba mpendwa,

Nipe mkono wako niuweke kwenye paji la uso wangu kwanza, kama tunavyowaamkia wazee kwetu, maana salamu za kwenye simu hazina mkono. Habari za hapo nyumbani Passi? Kifua kimetulia, au bado unakohoa alfajiri na kumdanganya Mama kwamba ni vumbi la mpunga? Magoti yake yeye je? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, pilipili za huku Hunan nimezizoea hadi nyama isiyowasha naiona chakula cha mgonjwa, na maji ya moto nayanywa hata jua likiwaka, kama wenyeji. Kwa hiyo usiisome barua hii ukidhani naumwa. Siumwi, Baba, nina hasira.

Uliniandikia kwamba lile turubai bado linaning'inia getini, lenye picha yangu ya joho na maandishi makubwa, "Hongera Mwalimu Lorelie Palmejar, Fahari Yetu Ughaibuni," na kwamba mwenyekiti wa kijiji kila akipita anasimamisha pikipiki alisome. Ukauliza pia mbona picha niliyokutumia ya mlango wa darasa langu imekatwa juu, pale penye jina la mwalimu. Umefundisha Kiingereza mpaka ukastaafu, najua huwezi kudanganywa na picha. Vuta subira, nitafika huko.

Nianze na Bi Tan, mwenye kituo hiki cha kufundishia Kiingereza. Siku niliyofika alinipikia tambi kwa mikono yake na kusema Kiingereza changu kinateleza kama maji. Kisha akanitazama usoni na kuniambia kwa upole, kama anayekunong'oneza kuwa gauni lako limechanika nyuma, kwamba tatizo ni wazazi. Mzazi akilipia Kiingereza anataka akione kwa macho. Na Kiingereza cha kuonekana, Baba, kina pua ndefu na nywele za rangi ya majani makavu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu nilipewa aproni ya mfagizi.

Utaratibu ukawa huu. Siku za kawaida nilifundisha mimi, mlango umefungwa. Siku ambazo wazazi wanakuja kutazama, mbele anasimama Yauhen, kijana wa Belarus aliyekuja mjini kupiga saksafoni hotelini, naye akabatizwa Mwalimu Jeki. Mimi nazunguka na birika nikiwamiminia wazazi maji ya moto. Yauhen si mtu mbaya. Kiingereza chake ni cha kuombea chumvi, na mwenyewe anajua. Mara ya kwanza alinifuata jikoni na kuniambia, "Dada, mimi nina uso, wewe una maneno. Tukishonwa pamoja tunatoka mwalimu mmoja." Nilicheka. Siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Watoto nao niliwafundisha mchezo: wageni wakija, mwalimu ni Jeki, mimi ni shangazi wa maji, na atakayesema vingine ameshindwa. Waliupenda sana.

Sasa kuna neno moja, Baba. "Vegetable," mboga. Unakumbuka ulivyokuwa ukitutembeza sokoni ukilitaja kwa silabi zake zote nne, ve-je-TEI-bol, ukiikanyaga ile ya tatu kama mtu anayeua mende? Mama alikuwa akikutania kwamba mboga zako zina mkia, nawe unamjibu kwamba kila herufi imelipiwa, lazima itamkwe. Nimelitamka hivyo maisha yangu yote. Kumbe watoto wa huku nao wamelichukua vile vile.

Wiki iliyopita wazazi walijaa. Jeki akanyanyua kadi yenye picha ya kabichi, na watoto wote wakapaza sauti kwa pamoja: ve-je-TEI-bol. Baba, ilikuwa sauti yako, imetoka kwenye vinywa ishirini. Niliganda na birika langu, na kwa muda mfupi nilifurahi kuliko siku zote nilizokaa hapa.

Mama Zihan, aliyesoma Kanada ambako silabi ile ya tatu humezwa, akaweka kikombe chini. Alisema hawezi kuamini kuwa watoto wamelisikia hivyo kwa Jeki, akamwomba Jeki alitamke mwenyewe. Jeki akatoa kitu ambacho si cha Kiingereza wala si cha kwao. Basi wamelitoa wapi, akauliza mama yule. Bi Tan hakumeza hata mate. Alininyooshea kidole na kusema, "Ni huyu dada wa usafi. Anapenda kupiga soga na watoto. Si unawajua watoto, kibaya wanakidaka upesi."

Mama Zihan akanigeukia. Akanisemesha Kiingereza polepole na kwa sauti ya juu, kama anayesema na kiziwi, akiniomba nisiongee tena na binti yake, kwa faida ya mtoto. Nikamjibu ndiyo, mama, nikamwongezea maji.

Niliwatazama watoto. Hakuna aliyefungua mdomo. Mchezo niliowafundisha waliushika barabara. Mimi ni mwalimu mzuri, mtu asikudanganye. Zihan peke yake alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alidhani tunashinda.

Sasa lile ninaloogopa kulisema. Kuitwa mfagizi mbele za watu kunauma, lakini kunapita. Kesho yake Bi Tan aliniagiza niwaondolee watoto tamshi lile kabla mzazi mwingine hajalisikia. Nami nikasimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba anayetamka vile ni mtu asiyejua. Zihan akauliza ni nani huyo asiyejua. Nikasema ni mzee mmoja wa kijijini, mbali huko. Wakamcheka yule mzee, nami nikacheka nao. Watoto ni wepesi, Baba. Kabla ya mapumziko hakuna hata mmoja aliyebaki akitamka kama wewe.

Aproni niliivua siku hiyo hiyo. Usinisifu, nilichelewa. Bi Tan nimemwambia atafute maneno mengine ya kushonea uso wa Jeki, naye akasema wenye maneno wako tele, kesho tu atampata. Ni kweli. Na jina nililolikata kwenye picha ile ni la Jeki. Langu halijawahi kukaa kwenye mlango wowote huku.

Narudi nyumbani kabla ya mavuno. Turubai lishushe kabla sijafika. Usilitupe, kitambaa chake ni kizuri. Mvua ikiwashtukiza mkiwa mmeanika mpunga barabarani, lifunikieni, ila upande wenye uso wangu ulale chini.

Msalimie Mama, na umwambie majirani asiwajibu, waache wajichokee kuuliza. Nikifika usinihoji mlangoni. Nitume tu sokoni nikakuletee mboga, na unitume kwa Kiingereza, silabi zote nne.

Mwanao aliyekukana,
Lorelie