Kovu Ambalo Mashine Haikulijua

Mdogo wangu wa pekee, mama mdogo wa Anita,

Siandiki jina lako. Limeshatajwa na watu wengi mwaka huu, acha lipumzike. Shangazi ameniambia kwamba alikuuliza kama naweza kukuandikia barua ya kusomwa na wote, ukamaliza kumenya muhogo uliokuwa mkononi, kisha ukasema, "Aandike, ila jina langu asiliweke." Basi nimeandika, na naiweka kwenye kundi lilelile la simu la hapa kijijini lililopitisha picha ile. Walioiona ile waione na hii.

Huku Murungu tumeshavuna maharage. Anita ameanza kuongea sana. Kila mtu anamsalimia "mwakeye", salamu ya asubuhi, hata jua likiwa linazama, na watu wazima wanamwitikia tu kama vile ndiyo kwanza kumekucha. Akisikia pikipiki inapunguza mwendo anakimbilia mlangoni, anaita, "Mama mdogo." Mgongo wako anaukumbuka. Mimi nikimbeba analalamika kwamba nambeba vibaya.

Unakumbuka siku ya mawese? Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, wewe hata la kwanza hujaanza. Mama alikuwa shambani, mimi nakaanga maandazi. Mawese yalikuwa yamechemka mpaka yanatoa moshi. Kwa haraka zangu nikalinyanyua karai kwa kipande cha kanga kilicholowa, na wewe ukaja kwa nyuma ukaning'ang'ania sketi, unadai andazi la kwanza ni lako. Yakakumwagikia mkono wa kushoto. Nilikukimbiza zahanati mgongoni, na hukulia mpaka ulipoona mkasi wa nesi.

Mama aliporudi akauliza, "Nani kamuunguza mtoto?" Mimi nikajifanya nachochea moto. Wewe, na bandeji yako nene kama mkate, ukajibu, "Nilijimwagia mwenyewe." Ulikuwa na miaka mitano. Baadaye nikakuuliza kwa nini ulisema vile, ukaniambia, "Wewe ungechapwa. Mimi nimeshaungua, hawawezi kunichapa."

Kovu likabaki, limeanzia kwenye kiwiko likashuka hadi karibu na kiganja, lina umbo la jani la muhogo. Mimi ndiye niliyelipaka mafuta kila ukioga, miaka na miaka. Kovu hilo nalijua kuliko mkono wangu mwenyewe.

Ndiyo maana nashindwa kujisamehe haraka. Siku ulipoingia kidato cha pili nilikupiga picha na sare mpya, nikakuweka kwenye stetasi yangu ya simu kwa sababu nilikuwa na furaha. Mtu ambaye mpaka leo hatuna uhakika ni nani akaichukua, akaiingiza kwenye programu ya simu, ikamtolea picha chafu yenye uso wako. Jirani aliponionyesha, sikuangalia hata mara mbili. Nilikuita kutoka bustanini, nikakuuliza, "Umefanya nini wewe?"

Ulikunja tu mkono wa blauzi, ukauweka mkono wako karibu na simu. "Dada, angalia." Mkono wa kwenye picha ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. Mashine ilikuwa na uso wako, lakini siku ile ya mawese haikuwepo. Mimi nilikuwepo. Na neno langu lilikuwa limeshatoka.

Mama hakutaka hata kuishika ile simu. Aliuliza tu, "Mtoto yuko wapi?" Kesho yake shuleni ukaambiwa ukunje mkono tena mbele ya walimu. Siku ya tatu ukapanda gari la Kasulu, ukaenda kwa shangazi kule Nyakitonto, na kitanda chako kikabaki kimetandikwa.

Sasa nisikilize, kuna jambo. Wiki iliyopita walikuja watu wanaokusanya maoni ya sheria, tukaitwa ukumbi wa kata. Mwanasheria wao, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, alieleza kwamba picha chafu za watoto ni kosa tangu zamani, lakini mashine hizi za akili mnemba zimekuja baadaye, na wapo wanaojitetea kwamba picha ya kutengenezwa haina mtoto ndani yake. Wanataka sheria iseme wazi, upenyo huo uzibwe.

Baba mmoja mrina asali kutoka Kumsenga akasimama. "Samahani mama. Kama mwili si wake, huyo mtoto ameibiwa nini?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja muuza vitenge akamwambia, "Kaa chini bwana, nyuki wamekuuma kichwani."

Unanijua, mimi hata kwenye kikao cha wazazi huwa nakaa karibu na mlango. Lakini nikasimama, Anita mgongoni. Nikasema, "Baba yangu, ameibiwa shule. Ameibiwa njia ya kwenda kuchota maji, maana kila akipita watu wananong'ona. Na mimi dada yake, niliyemlea, niliiamini simu kabla ya kumwamini yeye. Hivyo ndivyo alivyoibiwa."

Mrina asali akavua kofia. "Sikuuliza kwa ubaya, mwanangu."

"Najua, baba. Hata mimi sikumuuliza kwa ubaya."

Mwanasheria akaniuliza ningependa sheria iseme nini. Nikamwambia iseme kwamba uso wa mtoto ni mtoto. Aliyetengeneza ana kosa, na aliyetuma kwa wengine ana kosa, hata kama alituma ili kushangaa tu. Na mtoto asiambiwe na mtu yeyote akunje mkono wa nguo ili athibitishe kwamba si yeye. Hilo la mwisho aliniomba nilirudie polepole, akaliandika neno kwa neno.

Bado si sheria. Alisema maoni yetu yatapelekwa Dodoma pamoja na ya watu wengine, na yanaweza kuchukua muda. Lakini nimeyaona kwa macho yangu yakiandikwa kwa kalamu, na tangu siku hiyo natembea nikiwa na tumaini. Shuleni nafasi yako ipo, nimekwenda kuuliza mwenyewe. Stetasi yangu siku hizi ni maua ya maharage.

Nisamehe, mdogo wangu. Ulinificha nilipokosa, na ilipofika zamu yangu sikukuficha.

Njoo likizo hii, hata kwa siku mbili. Vaa mikono mirefu au mifupi, utakavyo, hakuna atakayekuuliza kitu. Nitakaanga maandazi, la kwanza ni lako, na karai nitaliacha lipoe kwanza.

Jana nimemwambia mama ukweli wa siku ile ya mawese. Alikuwa anapepeta maharage, hata hakuinua kichwa. "Nilijua siku ileile," akasema. "Mtoto gani wa miaka mitano ananyanyua karai la moto? Nilikuwa nangoja useme."

Tumesema wote sasa. Tunakungoja wewe.

Dada yako aliyekuunguza,
mama Anita