Hakuna wa Kunitukana Maili Moja

Zaituni, mtani wangu mpendwa,

Sikusalimii. Tangu lini mtu akamwamkia mtumwa wake? Ungekuwapo ungenijibu kwamba mtumwa ni mimi, kwamba babu zangu walibeba mizigo kutoka Unyamwezi hadi pwani, wakaitua, kisha wakasahau njia ya kurudi kwao, ndiyo maana wajukuu wao tumejaa Kibaha. Maneno hayo ulinirushia siku ile ya kwanza kidato cha kwanza, mwalimu alipotutaka kila mmoja ataje jina na kabila lake. Nilipotaja langu uliinuka kutoka dawati la nyuma, msichana mrefu kumzidi mwalimu, ukasema, "Mwalimu, huyo wangu. Nimemrithi." Darasa likacheka. Na mimi sikulaza damu. Nikasema Mzaramo akisikia ngoma huacha chungu kinaungua jikoni, kwa hiyo wenzangu nisaidieni kumtafutia ngoma aondoke. Toka hapo hatukuachana.

Leo nakuandikia nikiwa dukani kwangu Maili Moja, hapa hapa Kibaha. Cherehani nimeinyamazisha. Wasichana wetu wa taifa wako ugenini kwenye mashindano ya mpira wa wavu ya vijana wa kike, yale yale tuliyokwenda sisi, na mechi inaonekana kwenye simu. Nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo ili mikono ibaki huru. Seta wao, yule anayemwinulia mpigaji mpira, ni kabinti kafupi kama mimi. Kameuinua mpira vizuri kabisa, juu, mwisho wa wavu, na mpigaji akachelewa. Nikafungua mdomo nikutukane. Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na sare za shule zilizotundikwa, basi.

Majirani zangu hapa ni watu wema. Mama wa chipsi hunipigia kelele nisipokula mchana, na kijana wa vocha hunilindia duka nikienda sokoni. Lakini si watani wangu. Nikimwambia yule wa duka la dawa kwamba ukoo wao wote ni walafi, kesho naitwa kwa mjumbe. Tangu ufe hajatokea mtu wa kunitukana kwa mapenzi, Zaituni, na siku imekuwa ndefu mno.

Unakumbuka kiwanja chetu cha shule? Mchanga mtupu, nguzo za mkaratusi, na wavu ambao mimi na wewe tuliushona kila Ijumaa kwa sababu mbuzi wa mwalimu mkuu waliuona ni chakula. Ulikuwa unakaa kwa shangazi yako kule Pangani, hii ya Kibaha, si ile ya Tanga, nami nilikaa kwetu, jirani na hapo. Jioni tulibaki wawili, mimi nainua, wewe unapiga. Hatukuwa na kocha wa kutufundisha ishara za vidole, kwa hiyo tukatumia tulichokuwa nacho. Ukitaka mpira wa juu, mbali, pembeni kabisa, unaniita, "Mtumwa!" Ukitaka wa haraka, mfupi, karibu na wavu, unaita, "Mbeba mizigo!" Nami nikitaka kukuambia usiruke, nitauangusha mwenyewe upande wa pili, nasema, "Nenda ngomani." Tulicheza hivyo miaka yote ya shule. Timu nyingine zilidhani tumegombana na zikafurahi. Kabla hazijamaliza kufurahi, mpira ulikuwa umeshadunda kwao.

Ndivyo tulivyochaguliwa timu ya taifa ya vijana, na ndivyo tulivyopanda ndege. Sisemi sana habari za ndege, maana ulilia. Sawa, nililia mimi. Wewe ulinishika mkono ukaniambia, "Tulia. Babu zako walitembea kwa miguu, wewe umepewa kiti, bado unalalamika."

Mechi ile ya mwisho ndiyo inayonirudia leo. Ilikuwa seti ya tano, tunaongoza, na tukishinda tunaingia nusu fainali. Refa alitoka nchi ya jirani, na bahati yetu mbaya alijua Kiswahili, tena kile cha shuleni, kilichonyooka. Akiwa juu ya kiti chake akasikia mchezaji mmoja anamwita mwenzake mtumwa. Akasikia tena. Akapuliza filimbi na kutoa kadi ya njano. Tukadhani ni kwa ajili ya kitu kingine. Kwa mpira uliofuata wewe ukaniita mbeba mizigo, ukapiga, ukapata. Akapuliza tena. Safari hii kadi ikawa nyekundu, na pointi wakapewa wapinzani.

Nilikuwa nahodha, na anayeruhusiwa kuzungumza na refa ni nahodha peke yake. Nikamwendea, nikasema kwa adabu zote, "Mheshimiwa, huyu ni mtani wangu. Ana haki ya kunitukana."

Akaniangalia kwa huruma, kama anayemtazama mtoto anayemtetea mtu anayempiga. "Binti," akasema, "kwenye kanuni hakuna mtani. Mwambie aongee na wewe kwa heshima."

Nikakuletea ujumbe. Ulitazama dari la ukumbi ule mkubwa, kisha ukasema, "Haya." Mpira ukaja. Ukaita, "Dada Kabula, tafadhali!" Sasa mimi nitajuaje hiyo tafadhali ni ya juu au ya haraka? Niliuinua katikati, si huku wala kule, ukarukia hewa. Kwa mpira uliofuata ukaniita "mpenzi wangu". Nikaanza kucheka. Ukaanza kucheka. Kocha wetu anatupigia kelele, wenzetu wanatukodolea macho, na sisi tumeshika matumbo katikati ya uwanja mbele ya dunia nzima. Tulifungwa. Kwenye benchi ulijifunika taulo kichwani, wote wakadhani unalia, kumbe unaniambia chini kwa chini, "Heshima imetutoa mashindanoni, mtumwa wangu."

Baada ya shule wewe ulirudi kwenu Chole ukaolewa kijijini hapo hapo, ukalima mihogo na korosho, na mchana ukawafundisha watoto wa shule ya msingi kuruka. Nilikuwa nakuja kila nilipopata nafasi. Kutoka Kibaha hadi Kisarawe mjini, kisha safari nyingine nzima ya vumbi, na nikifika tu mama yako anapaza sauti toka jikoni.

"Ficheni mihogo, Mnyamwezi kaingia!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Na mkoba wako uweke hapa nje nikuone ukiondoka."

Halafu alinipakulia sahani ambayo haimaliziki. Sijui kama ulijua jinsi nilivyokuwa nikiingoja kelele ile tangu natoka nyumbani.

Siku mjomba wako aliponipigia simu hakuniambia umekufa. Alisema, "Mtani, fanya haraka. Tunakungoja wewe." Nikaelewa. Homa ilikuwa imekulaza siku chache tu, tulikuwa tumeongea, ukaniambia ni malaria ya kawaida na kwamba Wazaramo hawafi kwa kitu kidogo hivyo. Ulinidanganya, na kwa hilo sijakusamehe.

Nilipofika uani kwenu vilio vilikuwa vimejaa. Mama yako alikuwa kwenye mkeka, hasemi, hali, halii. Miguu yangu ilitaka kwenda kuanguka pale pembeni yake. Lakini mjomba alinikuta mlangoni, macho mekundu, akaniambia taratibu, "Mtani, kazi yako."

Unaijua kazi yangu. Tuliwahi kuizungumza tukacheka, tukabishana nani atatangulia. Mtani halii. Wenyewe wakizidiwa, mtani ndiye anayewarudisha, kwa matusi na kwa vituko, mpaka kifo chenyewe kione aibu. Nikaomba jezi yako, ile ya taifa. Wakanipa. Ilinifika magotini. Wanaume walipoinua jeneza nikasimama mlangoni, nimetanua mikono kama mtu anayezuia mpira wavuni.

"Hatoki mtu hapa," nikasema. "Huyu mvivu namjua. Kasikia leo ni zamu yake ya kuosha vyombo, anajifanya amekufa."

Mtu mmoja akacheka huku anapenga kamasi. Nikaendelea. Nikaigiza unavyobishana na refa. Nikaigiza unavyokimbia kwa madaha ukijua unatazamwa. Nikawaambia kaburi walichimbe refu, maana miguu itabaki nje na mimi sitaifunika. Shehe akakohoa, akatazama pembeni, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nikasema sipishi mpaka nilipwe jogoo, na mjomba akaenda kweli bandani akaja na jogoo, akaniwekea mikononi. Nikageukia ukuta wa nyumba, nikaita kwa sauti yako ile ya uwanjani, "Dada Kabula, tafadhali!" Mama yako, uliyemsimulia kisa kile mara nyingi, akacheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka, kilio kikafuata, wanawake wakampokea. Nilikuwa nimefanikiwa. Nikapisha mlangoni, nawe ukapita.

Baadaye watu walikaa wakapeana pole. Mama alipewa pole. Mumeo alipewa pole. Hata dereva aliyeleta turubai alipewa pole. Mimi walinishika mkono na kuniambia, "Ahsante, mtani, umetuchangamsha." Bibi mmoja aliniletea sahani ya wali iliyorundikwa, akasema, "Kula, umefanya kazi." Nikala. Nilirudi Kibaha na jogoo kwenye kapu, na abiria mwenzangu akaniuliza kama naenda harusini.

Kesho yake mama wa chipsi, aliyekuwa ameona duka limefungwa, akauliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikwenda msibani. "Nani tena jamani?" Nikasema, mtani wangu. "Aa, mtani," akasema, na uso wake ukalegea, kama aliyeogopa kusikia neno zito akasikia jepesi. Akageuza chipsi zake. Sikumlaumu. Neno nililompa ndilo hilo, na mimi sikuwa na jingine. Ungekuwa dada yangu angefunga banda lake aje akae na mimi. Ungekuwa hata binamu yangu. Lakini miaka yote ile sisi hatukujiita chochote zaidi ya watani, na mtani, kwa watu, ni mtu wa kuchekwa naye.

Kwa hiyo sijalia, Zaituni. Nimeshona, nimefungua duka na kulifunga, nimemfuga jogoo wenu ambaye ana kiburi kama chenu. Nilidhani likipita hilo la kazi nitapata zamu yangu, kumbe kwenye msiba zamu ya mtani haipo. Upweke wenyewe ninauweza, nimekaa peke yangu mara nyingi. Ninachoshindwa ni kubeba msiba ambao hakuna anayejua ni wangu.

Mechi imekwisha sasa hivi. Wasichana wameshinda. Kale kaseta kamerukiwa na wenzake wote, kamepotea chini yao, inaonekana mikono tu. Nimefurahi, na furaha yenyewe imenishinda pa kuipeleka. Naileta hapa kwenye karatasi.

Barua hii siitumi Chole. Naiacha wazi, isomwe na kila mtu, na kwa mara ya kwanza navua nguo ya utani niseme bila mzaha: nilikupenda kuliko ndugu zangu wa damu, na umeniacha vibaya. Lala salama. Na wewe uliyeisoma, siku ukipita Maili Moja ukamwona fundi cherehani mfupi kwenye duka lenye sare za shule, usimcheke wala usimchekeshe. Mwambie pole. Yeye naye amefiwa.

Ni mimi,
Kabula, mfiwa wako.