Walimu Wangu Kumi na Wawili

Mjukuu wangu Furaha,

Salamu zako zimetufikia hapa mtaani La Rochelle, Joburg. Bibi yako bado anashona, ingawa macho yake yamechoka. Mimi nipo tu.

Umeniuliza ujitambulishe vipi utakapokwenda kukaa wiki nzima chuoni kwa masomo yako ya uongozi. Nami niliwahi kuitwa kwenye wiki kama hiyo, hapa hapa Joburg, muda mfupi baada ya kukimbia vita kwetu Uvira. Mhadhiri alimwuliza kila mmoja, "Unaongoza nani?" Nikasimama: "Mimi ni directeur wa shule. Nina walimu kumi na wawili." Sikusema, "Nilikuwa nao." Wakanipigia makofi.

Mchana nikatoka kununua mkate. Mlinzi wa getini akainuka haraka, akavua kofia, akasimama wima kama walimu wangu walivyosimama nilipoingia darasani. "Bonjour, Directeur." Alikuwa Bahati, mwalimu wangu wa hesabu. Nikamwuliza wenzake wako wapi.

"Eh, Directeur," akasema, "nilidhani wewe ndiye unayejua."

Sikurudi ukumbini. Masomo yangu yaliishia pale getini, nikalinda maduka Marshalltown mpaka nikazeeka.

Basi ukisimama mbele yao, mama, wataje wale tu ambao ukiwaita leo wataitika. Mimi kila asubuhi huwaita wangu kwa majina, wote kumi na wawili. Aliyekuwa akiitika ni Bahati peke yake, naye tulimzika mwezi uliopita.

Babu yako