Waya wa Pawasaplai Nyingine

Paa! Nikatoka bafuni mbio, Shigela, nikakukuta kwenye moshi wa kompyuta, na waya wa pawasaplai ya zamani, ile iliyokuwa ikiilisha umeme, mkononi. "Si umeingia, kaka?" ukasema, halafu ukatoroka. Plagi zinafanana, ng'ombe wewe, lakini kila pawasaplai hupanga umeme wake kivyake. Ulitakiwa kutumia waya uliokuja na hii mpya. Diski imeungua, na video pekee ya marehemu baba akiongea imekwenda nayo.

Chai iko kwenye chupa. ~~Kunywa.~~ Mwachie mama.

Yeye hajui. Amekwenda sokoni Mirongo akicheka kama msichana, maana nimemwahidi pale mlangoni, majirani wakisikia: "Mama, ukirudi tu, Shigela atakuwashia video ya baba."

Kaka yako,
Pius