Alama Zilizopoteza Majina

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umelala, na kwamba yule muuguzi anayekulazimisha kutembea bado anakuogopa. Mguu unaendeleaje? Huku nyumbani sote tu wazima. Baba anakusalimu, anasema anaionea huruma wodi nzima kwa kupata mwalimu. Mimi sijambo. Nasubiri matokeo ya mtihani kama wenzangu, ila nimepata kazi ya kunisahaulisha.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Wewe mwenyewe husema kwamba kwenye simu naongea kama mtu aliyeazima maneno na anaogopa kuyaharibu. Ya leo ni mengi, na mengine nikiyasema nitalia kabla sijayamaliza.

Habari kubwa ni kwamba kamusi yako ya lugha ya alama haijafa.

Siku ile mguu wa meza ulipovunjika na kompyuta ikaanguka, ulisema miaka sita imekwenda na maji, na kwamba mpiga chapa atafute kazi nyingine maana wewe huna nguvu ya kuanza upya. Ulipolazwa kwa ajili ya mguu, niliibeba hadi kwa fundi aliye juu ya duka la viatu. Alipoiwasha, diski ikalia ko, ko, ko, kama kuku anayedonoa bati. Akaizima mbio na kuuliza tumeiwasha mara ngapi tangu ianguke. Nikasema labda ishirini, kwa sababu Baba alikuwa akiibembeleza kila asubuhi. Fundi alishika kichwa. Alinieleza kwamba ndani mna sahani inayozunguka na kitu kama kisindano kinachoisoma, na kisindano kikishapinda, kila ukiwasha unakwaruza. Akasema kwanza atahamisha kila kilichomo, kizima na kibovu, kwenye diski nyingine, kisha atafute ndani ya nakala hiyo. Ilichukua siku nne, diski ikipepewa na feni ndogo kama mgonjwa wa homa.

Zilitoka picha elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Nilikaribia kupiga kelele, halafu nikaziangalia vizuri. Majina yote yalikuwa yamefutika, kila picha ina namba tu, na ile orodha yako ya maneno, yenye maelezo ya kila alama, haikutoka kabisa. Wanafunzi wako wote walikuwa pale wameinua mikono, na sikujua wanasema nini. Mimi najua alama kama mia mbili, zile nilizojifunza nikisimama mlangoni mwa darasa lako.

Kwa kuwa desturi yako ni kumpiga picha yule yule aliyeileta alama darasani, niliona dawa ni kuwatafuta wenyewe. Unanijua, Shangazi. Niliizunguka karakana ya seremala, mwanafunzi wako wa kwanza, mara tatu ndipo nikaingia. Alinitazama nikijieleza kwa alama, kisha akaniambia kwamba ninanong'ona kwa mikono, niinyanyue, pale hakuna mtoto aliyelala. Wenzake walicheka mpaka mmoja akaangusha randa. Nami nikacheka.

Aliwaita wengine, na kwa wiki tatu tulikutana kila alasiri, kompyuta ya fundi ikiwa juu ya benchi la kazi. Kuna alama moja ilizua ubishi wa nusu saa. Seremala alisema ni subira. Dada mshonaji akasema ni foleni, na kwamba seremala hawezi kuijua subira, ndiyo maana milango ya makabati yake haifungi. Alipofika mwenyewe wa kwenye picha, sasa mwokaji mikate mwenye mikono minene, aliwaambia wote wamekosea. Ni zamu. Aliileta siku aliyochoka kurukwa kwenye bembea. Kwa njia hiyo tulitaja elfu moja mia mbili na nne. Mia moja na nane zikabaki, kwa kuwa wenyewe wamehama na hatukuwapata.

Sasa nimefika ninapoogopa.

Uliniachia kazi moja tu mwaka huu: kila Ijumaa ninakili orodha yako ya maneno kwenye diski ya akiba, kisha nitie alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani. Kalenda ina vema kumi na moja. Nilinakili Ijumaa mbili. Zilizobaki nilikuwa nasoma kwa ajili ya mtihani, nikatia vema nikijiambia nitanakili kesho. Kompyuta ilipoanguka ukaniomba diski ile, nikakudanganya kwamba haifunguki. Ukaenda duka ulikoinunua ukamwambia muuzaji mbele ya wateja kwamba anauza maboksi ya hewa. Mimi nilikuwa nyuma yako. Yeye akachukua ile ya zamani na kukupa mpya.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba ndani ya diski ile ya zamani mlikuwa na orodha yako, ya hadi Ijumaa ya pili. Nilijua. Lakini nikishasema haifunguki, ningeifunguaje?

Jana nilikwenda kwa muuzaji, nikamwambia yote, bila kunong'ona. Alisema alijua tangu siku ile ile, maana aliichomeka ikafunguka. Alinyamaza kwa sababu alikuona una maumivu, na aliniona mimi nimeinamisha kichwa. Akasema aliyefunga fundo ndiye alifungue. Kisha akaitoa kwenye droo. Orodha imetupa majina sabini na sita kati ya yale yaliyokosekana. Seremala nilimwambia pia. Alikasirika, akapiga randa kutwa nzima, kisha akaniambia kazi yao haikupotea: maneno arobaini na moja ya orodha hayalingani na waliyosema wenyewe, na wao wanataka kitabu kichapishwe kikiwa na ya kwao.

Nisamehe, Shangazi, ila usinisamehe haraka ili tu kazi iende. Mpiga chapa amekubali kutungoja hadi mwisho wa mwezi. Nitakuja Jumamosi, saa za kuwatazama wagonjwa, na nitakaa upande wa mguu mzima. Unikaripie kwanza, kisha tuanze. Zimebaki alama thelathini na mbili, na anayezijua ni wewe peke yako.

Wote wanakuombea upone upesi. Msalimie muuguzi.

Mimi, mtoto wa kaka yako,
anayekupenda na kukuheshimu