Kiganja Kwenye Dari ya Stesheni

Nyumba ya Kona, Chumba cha Uani,
Mtaa wa Nyuma ya Stesheni.
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa kaka Mashoto,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Na wale wanangu wawili wanaomjua shangazi yao kwa picha tu, wazima? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Hilo la goti safari hii ulijibu, maana barua iliyopita ulilipita kama hukuliona.

Sisi huku wazima. Mama kikohozi kimemwachia, amerudia kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo ujue nguvu zipo. Mimi nadunda na mwiko wangu wa lipu kama kawaida.

Kaka, ile stesheni ya zamani inafanywa hoteli. Usicheke. Popo wamehamishwa, wamekuja wenye mali na michoro yao. Madirisha ya tiketi yatakuwa mapokezi. Stoo ya mizigo, eti humo watu watakuwa wanakandwa migongo kwa mafuta maalumu. Na ukumbi wa abiria, pale pale mlinzi alipokuwa akitutimua tusilale kwenye mabenchi, ndio sebule kuu. Leo watu watalipa walale! Nilicheka mpaka msimamizi akaniuliza kama mimi ni mzima.

Kazi ya lipu tumepewa mafundi wanne, wanaume watatu na mimi. Siku ya kwanza walinitazama kama nimekuja kuwauzia chai. Siku ya tatu walinyamaza wenyewe.

Niliikubali kazi hiyo kwa roho mbili, na sababu unaijua. Dari ni ile ile. Ile aliyoipiga lipu baba, nusu yake ikaporomoka mchana kweupe ikamvunja bega karani wa tiketi. Baba akamwaga unga, hakupata tena jengo kubwa, akaishia kuziba nyufa za majiko ya watu. Mtaa mzima ukambatiza Mzee Dari. Wewe uliondoka mwezi ule ule. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikaitwa Mtoto wa Dari mpaka namaliza shule. Hata siku tuliyomzika, ambayo hukuja, nilimsikia mtu nyuma yangu akiuliza, "Ni yule wa dari?"

Nusu iliyobaki hawakuibomoa wakati ule, waliifunika kwa mbao tu. Jumanne tumezibandua. Nikapanda jukwaa, nikaanza kuigonga lipu kwa mpini, kusikiliza wapi imeachana. Mahali fulani pakalia tupu. Nikachomeka mwiko, nikavuta taratibu, kipande kikubwa kama sinia kikatoka kizima mikononi mwangu.

Kaka, sikia. Pale juu, kwenye tabaka la kwanza, kulikuwa na kiganja. Cha kulia, vidole vinne, cha kati hakipo. Nani mwingine kama si baba? Na maana yake unaijua, maana alitufundisha wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake: tabaka halijakauka, asiguse mtu mpaka nikifute mwenyewe. Hata kwenye jiko la jirani lenye ukubwa wa kitanda alikuwa akiweka kiganja, na kesho yake anakifuta.

Hiki hakikufutwa. Mtu alipaka tabaka la pili juu yake, bichi juu ya bichi, ndiyo maana dari ilianguka. Baba hakukosea, kaka! Hakukosea! Nilipiga kelele juu ya jukwaa mpaka wenzangu wakadhani nimeumwa na nyuki. Nikakikumbatia kile kipande, machozi yananitoka kwa furaha.

Halafu nikakigeuza.

Chokaa ilikuwa imepukutika, alama za mwiko zimebaki. Unajua mwiko huacha upinde, na upinde hufuata mkono. Wangu unapindia upande mmoja, wa baba ulipindia huko huko, na wa mafundi wote ninaofanya nao kazi. Hizi zilipindia upande wa pili. Nikatazama dari yote iliyobaki, upinde baada ya upinde, yote kazi ya mkono wa kushoto. Nikakaa kwenye ubao, miguu inaning'inia, mpaka mwenzangu akaniletea maji.

Kaka, ni wewe.

Sijui ilikuwaje. Labda msimamizi wa wakati ule alikusukuma, ukumbi ufunguliwe haraka, na baba hayupo. Labda ulidhani unamsaidia mzee. Ulikuwa na miaka ishirini, na haraka ulizaliwa nayo. Lakini kiganja ulikiona. Kilikuwa mbele ya pua yako.

Na baba naye aliona. Angeshindwaje kuitambua kazi ya mwanawe? Alisimama pale chini, mbele ya wakubwa, akatazama juu, akasema kosa ni lake.

Kipande nilikibeba nyumbani nimekifunga kwa shuka. Niliogopa mama asije akaanguka. Badala yake akapapasa nyuma ya kipande, pale vidole vilipojichora, kimoja kimoja, akasema, "Kumbe na wewe umekiona." Baba alikuwa amemwapisha. Miaka ishirini na sita amekaa kimya kama maji mtungini! Nilimkasirikia yeye, nikakukasirikia wewe, nikamkasirikia baba kaburini.

Kuna mama mmoja, ndiye aliyeichora ramani ya hoteli, amekipenda kiganja. Anataka kibaki pale pale, kimulikwe na taa, na chini yake kibao kieleze ni cha nani na kwa nini hakikufutwa. Ananiuliza mimi tuandike nini. Nikisema, nakutaja wewe. Nikinyamaza, baba anabaki Mzee Dari, safari hii mbele ya wageni. Na yule karani bado yu hai, anauza magazeti kwa mkono mmoja, na mpaka leo anajua ni baba. Nimeomba nisubiriwe mpaka mwisho wa mwezi ujao. Maneno hayo si yangu kuyaandika, kaka. Ni yako.

Sikuiti uje uhukumiwe. Mama ameshaanika godoro lako juani, na mwenye hasira haaniki godoro la mtu.

Shangazi anakusalimu, binamu yetu kinyozi anakusalimu, hata jirani mwenye kuku. Msalimie wifi, uwabusu watoto. Mungu akupunguzie mzigo ulioubeba peke yako, akulinde njiani.

Jana nimekizungushia kiganja cha baba lipu mpya, tabaka la kwanza. Wenzangu wanataka kumalizia kesho. Nimeweka changu hapo pembeni, vidole vyote vitano. Hakuna atakayegusa mpaka uje.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo,

Mtoto wa Dari